Unasali kwa simu, sadaka unatuma kwa simu. Ukifa nani anakuzika?

Mzee wa Chumbageni · #1

Wakuu habari za jioni. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, nipo Tanga mjini, mzee wa kanisa kipindi cha pili sasa. Naomba tujadili hili bila matusi.

Hivi karibuni tumepoteza kijana mtaani kwetu, ajali ya bodaboda njia ya Pongwe. Kabatizwa kwetu, kipaimara kwetu, mama yake anaimba kwaya mpaka leo. Lakini toka amalize chuo hakuonekana ibadani wala jumuiya, alikuwa anasali na mtumishi mmoja wa Dar kwenye YouTube na sadaka yake anatuma kwa lipa namba. Msiba umetokea, turubai limefungwa, viti vimeshushwa, ndugu wanakuja usharikani kuomba mchungaji. Mhasibu akafungua daftari la bahasha za sadaka, jina lipo, namba ipo, ila kuanzia Januari mpaka Desemba hakuna hata alama ya wino. Baraza likakaa usiku ule ule. Wengine wanasema azikwe na hao waliokuwa wanapokea sadaka yake, wengine wanasema mama yake ni wetu tutamwangaliaje usoni. Ikabidi tupige ile namba ya simu iliyoandikwa chini ya video. Akapokea msichana, ana adabu sana, akatupa pole, akasema mtumishi atamkumbuka marehemu kwenye maombi ya saa tisa usiku. Tukauliza anaweza kutuma hata mtu wa kusoma neno? Akasema wao hawana tawi Tanga.

Mwisho mwinjilisti ndo aliongoza maziko, bila kengele, bila jeneza kuingia kanisani. Mama yule tangu siku hiyo kwaya anakuja ila sisi wazee hataki kutuangalia.

Mchungaji wetu kwenye semina ya wazee alisema hizi ni zama za usasaleo, kila mtu ana ukweli wake mfukoni na hataki kuambiwa na mtu. Mimi nasema kwa lugha yangu: vijana wanamtaka Mungu ila hawataki watu. Nipingeni. Nawasilisha.

Kiti cha Nyuma · #2

Nimevuta kiti. Uzi huu utafika mbali.

Binti Sahare · #3

Shikamoo mzee. Na poleni kwa msiba.

Ila hapo kwenye "hawataki watu" nakupinga wazi wazi. Mimi nafanya kiwandani, zamu ya usiku natoka saa moja asubuhi. Jumuiya yetu ni Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri, ibada ya kwanza Jumapili saa moja, ya pili saa tatu na nusu mpaka saa saba huko mana matangazo peke yake ni nusu saa. Hizo saa zilipangwa na nani? Na watu waliokuwa wanaamka kwenda shamba au wanaingia ofisini saa moja na nusu. Nimewahi kumwambia mwenyekiti wa jumuiya tuhamishie jioni, akaniambia "mwanangu jumuiya haikuanza na wewe."

Siku nikijitahidi nikafika, neno dakika kumi, michango dakika arobaini. Jengo, gari la mchungaji, mgeni anakuja, mtoto wa mzee fulani anaoa. Halafu jina lako linasomwa kwa sauti na unachodaiwa. Kwenye YouTube hakuna anayenisoma jina.

Dereva wa Kange · #4

Binti Sahare umemaliza kila kitu. Michango ndo inafukuza watu, hamna cha usasaleo wala nini. Asilimia 70 ya vijana wa Tanga wameshaacha makanisa makubwa na hii inajulikana.

Karani Mstaafu · #5

Mkuu #4 inajulikana na nani? Sensa ya nchi hii haiulizi dini tangu ile ya 1967. Kwa hiyo si wewe, si mchungaji, si serikali mwenye hesabu ya watu wa dini fulani Tanga, sembuse vijana walioacha. Semeni "naona" au "kwetu", msilete asilimia za kutoka kijiweni.

Dereva wa Kange · #6

Mimi nakaa stendi naona watu kuliko sensa. Jumapili saa nne vijana wote wako kijiweni hapa, sikio moja lina simu wanasikiliza mahubiri, sikio la pili wanasikiliza abiria. Hesabu mwenyewe.

Katekista Muheza · #7

Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaoitika, wengine salaam.

Naongea upande wa Kikatoliki sababu huu ugomvi wa kunyima maziko upo na kwetu, na watu wanautupia Kanisa zima. Nimefundisha ukatekista miaka mingi, someni Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1184. Wanaonyimwa maziko ya kikanisa ni wale walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu ya kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yatawakwaza waamini. Na hao wote ni kama hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu. Haijaandikwa zaka, haijaandikwa kadi ya jumuiya.

Sasa huko vigangoni utakuta viongozi wa jumuiya wamejitungia kanuni zao. Nimewahi kuona maiti imewekwa chini ya mwembe, mwenyekiti anatafuta daftari la mahudhurio nyumba kwa nyumba, na mvua inaanza. Paroko alipofika alikuwa mkali mpaka nikamwonea huruma mwenyekiti.

Mzee wa Chumbageni · #8

Katekista asante kwa kanuni. Lakini umeona? Paroko alikuwa mkali, akaondoka na gari lake. Jumamosi inayofuata ni yule yule mwenyekiti anayegonga milango kuwaomba watu waje, na wanamjibu "kwani nisipokuja mtaninyima nini?" Sisi wazee tukinyima ni wakatili, tukitoa bure hakuna anayeshughulika tena kukaa na mwenzie.

Mkongeni · #9

Mnaongea mjini tu. Mimi nimekulia kambi ya mkonge njia ya Korogwe, baba yangu alikuja kama manamba. Kule kila shamba kubwa lilikuwa na kanisa lake na msikiti wake. Watu wametoka Singida, Njombe, Songea, Kigoma, wengine kutoka nje ya nchi kabisa, hakuna ukoo, hakuna mjomba, kwa hiyo kanisa ndo lilikuwa ukoo. Miaka ya 60 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge kwa mwaka, sehemu kubwa Tanga hii hii, na Jumapili watu wanakaa mpaka nje madirishani.

Bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikaingia, mashamba yakataifishwa, menejimenti ikayumba, kambi zikaisha. Makanisa yakabaki kuta na popo. Kulikuwa na YouTube? Kulikuwa na usasaleo? Watu walifuata kibarua. Leo hii kijana wa Tanga kibarua chake kiko Dar, au kiko kwenye simu, na kanisa limemfuata huko huko. Mnatafuta sababu mbinguni wakati ipo kwenye mshahara.

Mama Makorora · #10

Mkongeni umenikumbusha mbali. Sisi tuliobaki tunahangaika. Mimi naamka saa kumi na moja kuchoma maandazi, simu naiegemeza kwenye chupa ya chai, mahubiri yanaendelea huku mafuta yanachemka. Sio kwamba nimehama kanisa, Jumapili nipo kwenye benchi langu lile lile. Kwani kusikiliza mtumishi mwingine ni uzinzi? Mbona wanaume wakisikiliza mpira wa Ulaya hawaambiwi wameisaliti Coastal Union yetu.

Kiti cha Nyuma · #11

Coastal yenyewe kombe la ligi la mwisho 1988, usaliti una sababu zake.

Dereva wa Kange · #12

Heshima kwa Wagosi wa Kaya tafadhali.

Bin Digo · #13

Assalaam alaykum wakuu. Mimi Muislamu wa Ngamiani nawasoma tu ila nimeshindwa kukaa kimya.

Msijione mko peke yenu. Vijana wetu nao wana mashekhe wa kwenye simu, anakuja msikitini kumsahihisha imamu aliyemfundisha alifu kwa ijiti, eti shekhe fulani wa nchi fulani amesema maulidi ni bidaa. Wazee wameumia. Ila kwenye kuzika hatuna huo mtihani, mtu akifa ni faradhi ya wote, wakifanya baadhi wengine wamesamehewa, wakiacha wote mtaa mzima una dhambi. Hakuna daftari.

Na kingine, hapa Ngamiani tuna chama cha kufa na kuzikana, kina Waislamu na Wakristo, kiingilio kimoja, turubai moja, sufuria zile zile. Akifa Mkristo tunabeba jeneza mpaka kaburini, mchungaji anafanya yake sisi tumesimama pembeni. Huyo kijana wenu hakuwa na chama cha mtaa?

Mzee wa Chumbageni · #14

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Alikuwa nacho, na kusema kweli turubai, viti na maji vilitoka chama cha mtaa. Waliochimba kaburi nusu ni Waislamu.

Binti Sahare · #15

Basi mzee hilo ni jibu lako. Watu anao. Ambao hawakuwepo ni baraza.

Mtoto wa Misheni · #16

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Mimi nimekulia pale misheni, naomba niwarudishe nyuma kidogo.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar 1868 wakajenga kanisa la kwanza Afrika Mashariki, na pembeni yake kijiji cha waliokombolewa utumwani. Sasa fikirieni mkristo wa kijiji kile alikuwaje. Kakombolewa na misheni, kabatizwa na misheni, kaozwa na misheni, shamba kapewa na misheni, kengele ya misheni ndo inamwamsha na kumlaza. Akifa anazikwa makaburi ya misheni. Swali la "nani atanizika" halikuwepo kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Ile jamii tunayoisifia, watu kukaa pamoja, haikujengwa kwa hiari hata kidogo. Leo kijana ana hiari, halafu tunashangaa haji.

Ila pia mjue hili. Februari 1874 mwili wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, ulifika pale umebebwa na watumishi wake kina Chuma na Susi kutoka bara, ukalala misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Livingstone alikuwa Mprotestanti wa Scotland. Mapadre Wafaransa hawakuuliza namba ya bahasha.

Karani Mstaafu · #17

Hoja nzuri mkuu ila "kanisa la kwanza Afrika Mashariki" hapana. Wareno walikuwa na nyumba ya watawa Mombasa kabla ya 1600. Mmisionari Mprotestanti Krapf alifika Mombasa 1844 akaanzisha misheni ya Rabai. Hata hao mapadre wenu walikuwa Zanzibar kwanza ndo wakavuka. Sema misheni ya kwanza ya Kikatoliki bara, upande wetu huu wa Tanzania.

Mtoto wa Misheni · #18

Karani unasoma nyuzi na rula mkononi. Pale misheni tuliimbishwa hivyo toka shule ya msingi.

Katekista Muheza · #19

Na Waanglikana wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza) walikuwa hapa Magila Muheza toka 1875, Walutheri wa Mzee wa Chumbageni ndo wanafika Tanga 1890, wageni kabisa. Haya turudi kwenye mada.

Fikra Pevu · #20

Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyegusa mzizi. Jumuiya ni nini kwani? Ni nyumba kumi kumi za Mwalimu zilizovalishwa rozari. Ilikuja na ujamaa, ina mwenyekiti, katibu, mhazini, daftari la mahudhurio, na adhabu kwa asiyekuja. Nyumba kumi kumi zenyewe zilishakosa nguvu, chama kimoja kimekwisha 1992, ila kanisa bado lina balozi. Kijana wa leo hajawahi kuishi chini ya balozi, ukimwambia "jina lako halipo kwenye daftari" anakuona kichekesho.

Katekista Muheza · #21

Fikra Pevu kuna ukweli na kuna chumvi. Jumuiya ndogo ndogo upande wetu ni uamuzi wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa nchi za ukanda huu, mkutano wa 1973 na ule wa 1976, na nchi hizo ni pamoja na Kenya, Uganda, Malawi, Zambia ambako hakukuwa na nyumba kumi za Mwalimu. Lengo ilikuwa parokia kubwa mno, padri mmoja vigango ishirini, basi watu wasome Injili wenyewe na wajuane. Kweli Askofu Mwoleka wa Rulenge alikuwa mjamaa wa kutupwa na aliishi kijiji cha ujamaa, hilo sikatai. Lakini rozari haikuvalishwa, ilikuwepo.

Fikra Pevu · #22

Daftari je? Nalo liliamuliwa 1973?

Katekista Muheza · #23

Daftari ni letu wenyewe. Tanzania bila daftari na muhuri kitu hakijawa halali.

Neema wa Mikanjuni · #24

Naomba niseme yangu maana wote mnaongea saa za ibada na historia.

Nilipata mimba nikiwa kwaya ya vijana. Nikatengwa. Ili nirudi kundini nilisimamishwa mbele ya usharika mzima, mtoto mgongoni analia, mchungaji ananiuliza kama nimetubu na watu wanaitikia. Baba wa mtoto alikuwa anapiga kinanda ibada hiyo hiyo, upande wa kushoto, naye hakuulizwa kitu kwa sababu hakuna aliyemwona na tumbo. Alinipigia wimbo wa kurudi kundini. Sikukaa, nikahama kwa walokole, kule nako nabii akaanza kuuza mafuta na maji nikaona hapana. Sasa hivi nasali kwa simu na kikundi cha wanawake kwenye WhatsApp, tumetawanyika Tanga, Moshi, Mbeya, wengine sijawahi kuwaona sura.

Nilipofanyiwa upasuaji hao wanawake walichanga hela yote ya dawa usiku mmoja. Ila nikiwa ukweli, aliyenipikia uji na kunifulia ni jirani wa jumuiya ile ile iliyonisimamisha, alikuja bila kuitwa, hajawahi hata kunitajia kanisa. Kwa hiyo mimi nikiulizwa kanisa langu lipi sina jibu la kuandika kwenye fomu.

Mama Makorora · #25

Pole mwanangu. Hilo la kusimamisha mabinti peke yao limeondoa watu wengi kuliko YouTube, na wazee hawataki kulisikia. Mzee wa Chumbageni ongea.

Mzee wa Chumbageni · #26

Neema pole sana. Kwetu siku hizi wanarudishwa ofisini kwa mchungaji, sio mbele ya usharika. Wanaume wanarudishwa pia wakijulikana.

Neema wa Mikanjuni · #27

"Wakijulikana." Asante mzee.

Msambaa Ughaibuni · #28

Salamu kutoka Hamburg, nyumbani Mlalo. Nimecheka mnaposema bahasha, kwa sababu huku kwa waliotuletea Ulutheri ni kali zaidi. Ujerumani kuna kodi ya kanisa, inakatwa pamoja na kodi ya mapato, ni asilimia 9 ya hiyo kodi (Bavaria na Baden-Württemberg ni 8). Narudia, ni ya kodi sio ya mshahara, Karani asije juu. Ukitaka kuacha haumwambii mchungaji, unaenda ofisi ya serikali unasaini kwamba umejitoa. Na mwaka 2012 maaskofu Wakatoliki wa huku walitoa waraka, aliyejitoa hivyo hapokei sakramenti na anaweza kunyimwa maziko ya kikristo kama hakuonyesha kutubu. Walijitetea kwamba suala sio hela, suala ni kujitenga na jumuiya ya Kanisa hadharani. Karibu maneno yale yale ya baraza la Mzee wa Chumbageni.

Tofauti ni kwamba huku anayejitoa wala hashtuki. Anazikwa na kampuni, kuna msemaji wa kulipwa anasoma maisha ya marehemu, muziki alioupenda unapigwa, dakika thelathini mmemaliza. Huo ndo usasaleo wenyewe mnaoutaja. Yule mwanafalsafa Mfaransa Lyotard aliandika 1979 kwamba watu hawaamini tena simulizi kubwa za kuelezea kila kitu, na alikuwa anazungumzia nchi hizi. Kijana wa Tanga anayekesha saa tisa usiku na mtumishi wa YouTube anaamini simulizi kubwa kupita kiasi. Mchungaji wenu kachukua koti la baridi kalivaa Tanga.

Fikra Pevu · #29

Hapo kwenye koti nimekukubali. Ila usiwatetee sana, kijana anaamini leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, akikosa gari aliloombewa anahama. Kuchagua chagua huko nako ni jambo jipya, liite utakavyo.

Karani Mstaafu · #30

Jipya wapi? Uamsho ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ulipoingia Bukoba watu walikuwa wanakesha, wanaungama dhambi hadharani, wanawaambia wachungaji wao hawajaokoka. Wachungaji wakalalamika vijana hawana adabu wanafuata sauti zao. Baadae waliosumbua ndo wakawa wazee wa kanisa na maaskofu, na wao wakaanza kulalamika. Mkongeni kasema mshahara, Fikra kasema balozi, binti kasema saa, mimi nasema kila kizazi hufanya fujo yake halafu kinashika daftari.

Mkongeni · #31

Karani sio kweli hiyo mara zote. Makanisa yetu ya kambini waliofanya fujo hawakurudi kushika daftari. Popo ndo wameshika.

Fundi Mitambo Usagara · #32

Mimi ndo nashika kamera na mikisa ya sauti kwenye usharika mmoja hapa mjini kwa hiyo naomba niwaumbue kidogo. 2020 wakati wa korona serikali haikufunga nyumba za ibada, mnakumbuka, shule zilifungwa ila makanisa na misikiti iliendelea. Lakini wazee wetu wenyewe waliogopa, wakafupisha ibada, wakaniita: fundi turushie laivu. Tukanunua waya, tukafungua chaneli, mchungaji akasimama akasema "mnaosali nasi nyumbani mmebarikiwa sawa na mliopo hapa", na namba ya sadaka ikawekwa chini ya skrini. Nani aliwafundisha watu kusali kwa simu? Sisi. Saa hizi tunataka warudi huku kamera bado inawaka kila Jumapili.

Na ninaona takwimu za chaneli. Watazamaji wanapanda wakati wa kwaya, mahubiri yakianza wanabaki, matangazo yakianza wanakatika kama umeme. Wapo wazee wa baraza wanaangalia wakiwa nyumbani, majina nayajua sitaji.

Kiti cha Nyuma · #33

Taja hata herufi ya kwanza tu.

Mama Makorora · #34

😂😂 Mzee wa Chumbageni yupo mtandaoni anasoma.

Mzee wa Chumbageni · #35

Mimi nipo kanisani kila Jumapili, fundi ni shahidi.

Nimewasikia wote. Saa za jumuiya nitalipeleka barazani, nadhani linawezekana. Michango haitapungua, msidanganyane, mwinjilisti analipwa na nani, paa linaezekwa na nani. Huyo mtumishi wa Dar hana paa Tanga ndo mana hana tawi. Ila hili la fundi limenikaa vibaya, kwa sababu yule kijana, mama yake aliniambia, alianza kuangalia ibada kwenye simu kipindi kile kile cha korona, na alianza na ya kwetu. Baadaye simu ikamletea nyingine yenyewe.

Bado nasimama pale pale, mtu akae na watu. Namna ya kumkalisha ndo sijui.

Bin Digo · #36

Msimkalishe. Mfateni. Sisi tunapopeleka futari kwa jirani hatumwambii aje achukue.

Fikra Pevu · #37

Mkimfuata sana anahama nyumba. Nimeona.

Dereva wa Kange · #38

Kuna usharika umeanza ibada ya Jumapili saa kumi jioni, saa moja na robo tu, hakuna kusomwa majina, bahasha unatumbukiza mwenyewe mlangoni. Kijiwe chetu wameenda wanne. Wawili wamerudi tena wiki iliyofuata, wawili wanasema kwaya mbovu.

Katekista Muheza · #39

Kwaya mbovu ni sababu halali kabisa, kanuni haijaigusa.

Binti Sahare · #40

Dereva hiyo ya saa kumi ipo upande gani? Mabawa au Chumbageni? Wiki hii nina zamu ya asubuhi natoka saa tisa.

Dereva wa Kange · #41

Njoo inbox. Ila kofia ya helmeti uje nayo, ya kwangu imepasuka.